Mkunga wa Mabela

Tumbo lake limekuwa pembe nne.
Shinuna anasema hiyo ndiyo dalili,
hiyo, na doa la karibu na mkia:
juzi lilikuwa hudhurungi,
leo jeusi kama buni iliyoungua chunguni.

Saa sita ya usiku, mwezi wa saba.
Nje, joto la Mabela halijalala.
Kiyoyozi kinakohoa, mimi nakijibu.
Mtoto amepigana na usingizi, kashindwa,
kaniachia zuliani kichwa chake na agizo:
"Babu, wakianza kutoka niamshe.
Wallahi niamshe."

Miaka ishirini na sita nilikuwa mtu wa maji,
nikisoma mita mlango kwa mlango, Seeb mpaka Barka.
Maji ya hapa nayajua:
ni bahari iliyovuliwa chumvi,
ikatiwa dawa, ikafundishwa kupita bombani.
Ndiyo maana ndoo mbili ziko jikoni tangu jana, midomo wazi,
dawa ipae.
Ghaniya kajikwaa nazo mara mbili, kasema.
Mara ya tatu hakusema kitu,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Gapi mwenyewe yumo ndani ya kikapu cha plastiki
kilichokuja na zabibu,
kinaelea, matundu yake membamba:
mwana atapita, mama hatapita.
Chini nimetandika majani ya kujifichia.
Mdomo wa pampu nimeuvisha soksi ya nailoni
usije ukawavuta.
Soksi si yangu.

Kule nilikozaliwa neno moja linabeba wawili:
mkunga anayekupokea duniani,
na mkunga wa mwambani, mrefu, meno ndani,
anayekupokea akakumeza.
Sikuwahi kuwaona wote katika mwili mmoja
mpaka saa saba na robo,
alipotoka wa kwanza
amekunjika kama kipande cha ukucha,
akazama, akakunjuka:
macho mawili na kitu kidogo cha kuyasukuma.
Akapenya tunduni.
Wa pili alikawia.
Mama akageuka.

Tangu utoto naambiwa
uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Huyu kazaa, na hakuujua.

Nikatumbukiza mkono.
Gumba langu kubwa kuliko ukoo wao mzima;
maji yakatikisika, mama akajibamiza ukutani,
nikautoa mbio, umelowa mpaka kiwiko, nina haya.

Usiku aliozaliwa mama yake Shinuna
Bi Thuwaiba alinifungia mlango:
"Wewe kazi yako maji ya moto."
Nikachemsha masufuria saba.
Hakuna aliyeyagusa.
Nilikaa barazani nikiyasikiliza yakipoa,
na mtoto akalia bila msaada wangu.

Basi nikazima taa, nikaacha ya jikoni tu.
Nikamwamsha mwenye samaki.

"Kwa nini anawala, Babu?"
"Hawajui. Anaona kitu kinasogea."
"Si amewabeba mwezi mzima?"
Sikuwa na jibu, nikampa tochi.

Akaanza kuhesabu, pua kiooni.
Kiswahili chake kinafika kumi,
zaidi ya hapo anahamia Kiarabu,
lakini usiku huo kwenye kumi alisimama
akanigeukia.
"Kumi na moja," nikasema.
"Kumi na moja," akasema. "Kumi na mbili. Kumi na…
yule anatembea, Babu, mwambie asimame!"
Tukaanza upya. Tukaanza upya tena.
Mara kumi na saba, mara kumi na tisa,
mara kumi na nane na jani.

Mama tukamrudisha kwenye tangi kubwa,
mwembamba, kimya,
akala punje zake kama mtu aliyetoka safari.

Adhana ya alfajiri ilitukuta hapo.
Ghaniya akaingia na kisahani:
kiini cha yai, kimechemshwa, kimepondwa,
kimechujwa kwenye leso mpaka kikawa vumbi.
Hakuna aliyemwomba.
Akanyunyiza kidogo kwa ncha ya kidole,
akainama, akawatazama wakikimbilia,
akatazama pampu.

"Mwinyi," akasema, polepole,
"soksi yangu ya pili iko wapi?"